Naipanoi Achagua Gari

Naipanoi alikuwa mama wa kukagua. Pale Endulen hakuna nyumba iliyojengwa jirani naye asiizunguke akiipigapiga ukutani kwa kiganja, akainama mlangoni, akachungulia ndani, kisha akasema alichokiona, mwenyewe apende asipende. Kwa Wamaasai kujenga nyumba ni kazi ya mwanamke, na ikisimama ni mali yake. Kwa hiyo kumwambia mwenzako kwamba mlango wake unakaribisha upepo ni kumgusa pabaya. Wanawake wenzake walimnunia, halafu kila mmoja alipoanza kujenga alimtuma mtu kumwita.

Ndiyo maana mwaka ule wa 2009, mwanawe Lesiamon alipompelekea habari kwamba ashuke Karatu amsaidie kuchagua gari, Naipanoi hakuona ajabu yoyote. Aliona kuwa kijana ameanza kupata akili. Ukweli ni kwamba Lesiamon hakuwa na njia nyingine. Yeye alikuwa dereva wa watalii kwa Landrova ya tajiri, na ili aiache apate gari la kwake mwenyewe la kubebea abiria mjini ilibidi auze ng'ombe, na ng'ombe hao walikuwa wa nyumba ya mama yake. Mtoto wa kiume, hata awe na mvi, hatoi ng'ombe wa nyumba ya mama yake mpaka mama atamke kwa mdomo wake.

Lakini kilichompandisha Naipanoi juu ya lori la magunia mpaka Karatu hakikuwa gari wala ng'ombe. Alikuwa analala peke yake.

Mtu wa mjini anaweza kuuliza, kwani shida iko wapi? Shida ipo, tena kubwa. Mwanamke wa umri wake halali peke yake. Mumewe akiwa hayupo na watoto wakiwa wameondoka, hupewa mjukuu wa kukaa naye, wa kumchochea moto, wa kumwitikia anapoongea gizani. Mume wake alikuwa amefariki. Binti yake wa mwisho alikuwa ameolewa Loliondo. Majirani walikuwa wakimwazima mtoto siku mbili tatu, kisha mama mwenye mtoto anatokea mlangoni na tabasamu la aibu, anamchukua wake. Baada ya hapo Naipanoi alikuwa akiongea na ndama, na ndama si mwitikiaji mzuri. Upweke ulikuwa umemkaa kifuani na hakuuficha. Aliulalamikia kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia.

Mjukuu alikuwa mmoja tu, Sifa, binti wa Lesiamon. Mtoto huyo alipozaliwa, Lesiamon alisema mbele ya watu kwamba akianza kung'oka meno ya utoto atakwenda kukaa na bibi yake. Sasa habari zilikuwa zimefika Endulen kwamba Sifa ana pengo. Naipanoi alipanua kitanda. Akaongeza fito, akatandika ngozi mpya juu yake, akaikandika nyumba yote kwa samadi mbichi ndani na nje. Kisha akashuka.

Siku hiyo Karatu ilikuwa na watu wengi, na nusu yao walikuwa wamezunguka magari mawili kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kituo cha mafuta. Dalali mmoja kutoka Arusha aitwaye Alex, kijana wa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata, alikuwa ameyaleta. Yalikuwa yametumika Japani, na yalikuwa ya aina ambayo Karatu ilikuwa haijaizoea: haibridi, yanakula mafuta na kutembelea umeme pia. Watu walikuwa wameshayapa jina, magari ya betri, na kila mmoja alikuwa na la kusema ingawa hakuna aliyewahi kuliendesha hata moja.

"Shikamoo mama," alisema Alex. "Karibu. Macho yako ndiyo yataamua."

"Marahaba. Yataamua," alijibu Naipanoi, kana kwamba hilo halikuwa na haja ya kusemwa.

La kwanza lilikuwa la bluu iliyokolea, refu, lenye buti la nyuma lililojitokeza kama magari mengine ya wakubwa. Mbele lilikuwa na vyuma vinavyong'aa, vimepangwa mlalo, na taa zilizokunja uso. La pili lilikuwa jeupe, fupi kidogo, mgongo wake ukipanda na kushuka kwa mstari mmoja mpaka nyuma, bila buti la kueleweka. Halikuwa na pua. Watu wengi kiwanjani walilipenda la bluu, na Lesiamon pia. Alikuwa ameshalizunguka mara kadhaa akijifanya anaangalia matairi.

Naipanoi alianza na la bluu. Alilipiga kiganja mlangoni, akasikiliza. Akalipiga kwenye boneti.

"Huyu anagombana na nani?" aliuliza, akitazama ile sura.

Watu walicheka. Alex naye alicheka, maana ndiyo kazi yake. "Ni muundo wa heshima huo, mama. Ukitokea nalo mahali, watu wanajua nani amefika."

"Na hili jeupe?"

"Hili limechongwa hivi ili likate upepo. Halisumbuki na upepo, kwa hiyo linakula mafuta kidogo sana."

Hilo alilielewa haraka. Na yeye nyumba yake alikuwa ameijenga chini na mviringo, maana kule kwao upepo wa alasiri unashuka milimani na hauna adabu. Alilizunguka jeupe lote, mkono wake ukiteleza ubavuni, wala hakuona kona ya kugombana nayo. Hakulisifu. Kusifia haraka hakukuwa kwake.

"Nje watu wanadanganya," alimwambia mwanawe kwa Kimaasai. "Fungua ndani."

Ndani ya la bluu kulikuwa na viti vya ngozi nyeusi na kipande kirefu cha mti wa kahawia kilichopita dashibodi nzima, kinang'aa. Naipanoi alikigusa kwa ukucha. "Huu si mti," alisema. Alex alikiri kuwa ni urembo tu. Alihamia nyuma, akakaa, akajisogeza, na hapo akagundua kiegemeo cha mkono kilichoshuka katikati ya kiti na kukigawa sehemu mbili. Alex alimwonyesha pia kwamba kina matundu ya kuwekea vikombe.

"Kinafanya nini hapa katikati ya watu?"

"Kila mtu anakuwa na nafasi yake, mama. Hakuna kusumbuana."

Alikirudisha juu, na mgongo ukakutana na kitu kigumu. Akakishusha tena. Kisha, mbele ya watu wote, akavua kandambili, akapanda kitini na kujilaza ubavu, magoti yamekunjwa, mkono mmoja umezunguka hewa kana kwamba umemkumbatia mtu. Kiegemeo kikamsukuma mbavuni. Lesiamon alitazama angani. Mke wake Jackline, ambaye alikuwa amesimama pembeni akimshika Sifa mkono, alifunika mdomo kwa kanga. Alikuwa Mchaga wa Machame, fundi wa nywele, mtu wa haya, na hakujua acheke au amfunike mama mkwe wake.

"Hapa watu wawili hawalali," alitangaza Naipanoi akiinuka.

Ndani ya jeupe kulikuwa na viti vya kitambaa cha rangi ya majivu, hafifu kuliko ile ngozi. Gia yenyewe ilikuwa kijiti kidogo kilichobandikwa karibu na usukani. Ufunguo wa kuzungusha haukuwepo. Alex alibonyeza kitufe na namba za kijani zikawaka, tena si mbele ya dereva bali katikati ya dashibodi, mahali ambapo kila aliyekaa angeziona. Hilo lilimgusa Naipanoi. Kwake moto uko katikati ya nyumba, na mtu yeyote aliyelala upande wowote anauona. Alipanda kiti cha nyuma, akajilaza. Kilikuwa kimenyooka kutoka mlango hadi mlango.

"Sifa, njoo," aliita.

Mtoto alikimbia, akajitupa humo, akajikunja tumboni mwa bibi yake akicheka kwa lile pengo lake. Walilala hivyo kidogo. Naipanoi alifumba macho. Alex alisema kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona mteja anayepima gari kwa kulilalia, lakini yeye hana tatizo.

Lesiamon alisema watalijaribu hilo jeupe kwa kumsindikiza mama mpaka geti la Lodoare, maana lori la unga linalokwenda Endulen hupita hapo mchana kuingia hifadhini. Alex angebaki kunywa chai. Naipanoi alishika kifurushi chake. Alimtazama Sifa, akaona amevalishwa sweta jipya la bluu, zito, la mikono mirefu, na roho yake ikatulia. Endulen kuna baridi. Mama mtu amefikiria vizuri, alijisemea, na kwa mara ya kwanza tangu Lesiamon aoe nje ya kabila alimtazama Jackline kwa moyo mweupe.

Walipanda, Lesiamon na mkewe mbele, bibi na mjukuu nyuma.

Barabara ya kutoka Karatu kwenda Lodoare inapanda taratibu kati ya mashamba ya mahindi na ya kahawa. Injini ya gari jeupe ilikuwa ikinguruma kidogo kwenye mwinuko, na mbele watu wawili walikuwa wakizungumza. Sifa alikuwa akimweleza bibi yake habari za paka wa jirani. Naipanoi alikuwa akimjibu kwa kirefu, akimpangia: kutakuwa na ndama wawili wa kuwafungia ndani jioni, na maziwa, na kitanda kipana. Mtoto aliitikia kila kitu. Alikuwa na sauti ndogo ya kuitikia, na Naipanoi aliinywa kama mtu aliyetoka jangwani.

Kabla ya kufika msituni, ng'ombe wa mtu walikuwa wakivuka barabara. Lesiamon alisimamisha gari. Na lile gari, kama ilivyo tabia yake, lilipotulia tu likazima injini lenyewe, likanyamaza kabisa.

Hapa ni lazima niwatetee kidogo Lesiamon na mkewe. Kwa miaka mingi walikuwa wakisafiri ndani ya Landrova ya kazini. Ndani ya Landrova ile aliyekaa nyuma hasikii neno la aliyekaa mbele, iwe inakwenda au imesimama inatetemeka. Mambo yao yote walikuwa wameyamalizia mle, ndugu, wageni na wakwe wakiwa wamekaa nyuma yao wakitazama vumbi. Walikuwa na sauti yao ya kuzungumzia humo, si ya juu wala ya chini, na waliihamisha yote jinsi ilivyo kwenye gari lisilo na kelele. Hawakufikiri. Walikuwa wanaangalia ng'ombe.

"Utamwambia lini sasa? Geti si lile linakuja?" alisema Jackline.

"Akishatamka kuhusu ng'ombe. Nikimwambia kabla, atakataa."

"Lesiamon, mtoto hapandi lori leo. Mama yangu ameshampatia nafasi shuleni, Machame wanamsubiri. Sare ameshashonewa. Hilo sweta si ndilo lenyewe?"

"Najua."

"Na nyumba ya mama yako, unisamehe, mle ndani ni giza na moshi mtupu. Kifua cha Sifa unakijua. Mara ile alipolala kule tulirudi tunakimbilia hospitali."

"Najua, Jack. Nitamwambia. Nimeshasema nitamwambia."

Ng'ombe wa mwisho alivuka. Gari lilianza kusogea bila sauti, kisha injini ikaingia tena kwenye mlima.

Naipanoi alikuwa anakijua Kiswahili. Alikuwa amejifunza kwenye hospitali ya Endulen wakati wa kumuuguza mumewe, na kila neno lilikuwa limemfika.

Kwanza alikasirikia nyumba. Giza! Giza si ndilo linalofukuza nzi? Moshi si ndio unaokausha fito zisiliwe na mchwa? Nyumba aliyoipiga samadi kwa mikono yake, ambayo wanawake wa maboma matatu walikuja kuiangalia, leo inasemwa na mtu aliyelala humo usiku mmoja. Alifungua mdomo amjibu yule binti wa Machame palepale, na maneno yalikuwa tayari, makali.

Kisha hasira ikamshuka na kilichobaki kikawa kibaya zaidi. Aliliona lile sweta. Aliona kwamba mahali pa mtoto palikuwa pameshachaguliwa, na si kwake. Kulikuwa na bibi mwingine kule mlimani, mwenye taa za umeme na nyumba ya saruji isiyo na moshi, naye ndiye angeitikiwa usiku. Iliuma, na haina haja ya kutafutiwa maneno. Iliuma mpaka akashika mkono wa mlango.

Neno moja lilikuwa bado mkononi mwake. Angesema hapana, ng'ombe wasingeuzwa. Alilionja hilo neno kwa muda, likiwa tamu. Lesiamon asingepata gari, lile la bluu wala hili jeupe. Angerudi kwenye Landrova ya tajiri wake, amenuna, na Endulen angekuja kwa kulazimishwa, au asije. Sifa angekwenda Machame kwa basi. Ng'ombe wangebaki zizini na Naipanoi angebaki nao, wakitazamana.

Sifa alikuwa ameacha habari za paka. Alikuwa amelala, kichwa mapajani mwa bibi yake, miguu imenyooka kuelekea mlango wa pili. Alipumua, na Naipanoi, ambaye sasa alikuwa anasikiliza, aliisikia ile filimbi nyembamba kifuani mwa mtoto. Aliisikiliza njia nzima. Alitamani sana isiwepo.

Getini lami iliishia. Upande wa pili barabara ilikuwa ya changarawe nyekundu na mawe, inapanda msituni kuelekea ukingo wa kreta. Lesiamon alisimamisha gari pembeni, matairi ya mbele karibu na ukingo wa lami.

"Naishia hapa, Yeyo," alisema, akimwita mama kwa lugha yao. "Hili ni la chini mno, yale mawe yatalipasua tumbo." Alijikohoza. "Haya. Umechagua lipi?"

"Hili."

"Si la bluu?"

"La bluu lina kile kitu katikati ya kiti. Machame ni mbali. Mtoto atachoka njiani, atataka kulala, na mama yake atataka kumlaza mapajani. Hapa atalala. Nimeshampima."

Mbele hakuna aliyegeuka. Jackline aliinamisha uso taratibu mpaka paji la uso likagusa dashibodi. Lesiamon aliondoa mikono kwenye usukani na kuiweka magotini, kama mgeni.

"Na ng'ombe uza," aliendelea Naipanoi. "Usimuuze yule mwenye baka jeupe ubavuni, ana mimba."

"Yeyo..."

"Nimetamka. Ulikuwa unasubiri nitamke, si ndiyo?"

Aliteremka kwa mlango wa upande wake, akakiinua kichwa cha mtoto na kukishusha kitini kwa uangalifu. Alizunguka mbele ya gari, akatema mate kidogo juu ya boneti, mara moja kulia na mara moja kushoto, kama anavyobariki mzazi wa kwao. Mlinzi wa geti alitazama akashangaa, maana gari lenyewe lilikuwa jeupe na safi.

Jackline alitoka mbio, akapiga magoti kwenye changarawe. "Mama, nisamehe. Sikuwa na maana..."

"Inuka, unachafua kanga. Moshi upo, sikatai." Naipanoi alimtazama huyu mke wa mwanawe, na kwa kweli alitaka kumchukia, ila aliona ameanza kulia kama mtoto mdogo. "Mpeleke. Kifua chake nimekisikia."

Sifa aliamka, akatoa kichwa dirishani na nywele zimelala upande mmoja. "Koko, tumefika?" alimwuliza bibi yake.

"Mimi nimefika. Wewe bado."

"Ndama je?"

"Ndama wapo."

Mtoto aliona hilo ni jibu la kutosha, akarudisha kichwa ndani kuangalia zile namba za kijani. Lori la unga lilikuwa limeshafika na kondakta alikuwa anapiga ubavu wa bodi kwa kiganja akiita watu wa Endulen. Lesiamon alikuja mbele ya mama yake, mwanaume mrefu wa miaka thelathini na kitu, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya utotoni, naye akakiwekea mkono. Kichwa kilikuwa cha moto. Hakutaka kuutoa mkono.

"Nitakuja, Yeyo," alisema akiwa bado ameinama. "Kabla ya mvua nitakuja kukaa na wewe siku nyingi. Nakuahidi."

"Utakuja kwa gari gani?"

Lesiamon aliinua uso. Aliitazama ile barabara ya mawe ambayo alikuwa anaijua jiwe kwa jiwe, kisha akaligeukia gari, lilivyolala chini pale mwisho wa lami, Sifa akiwa ndani yake. Naipanoi alingoja. Hakuwa amemuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kujua. Kondakta aliita mara ya pili, naye akachukua kifurushi chake akaenda.